Mtihani wa fasihi ya Kiingereza: unatambuaje kifungu kisicho na jina la mwandishi?

MsomajiNyalenda

Hamjambo wanafasihi. Nafundisha Kiingereza na fasihi katika shule ya upili hapa Kisumu, na nataka kuomba nafasi ya uzamivu Marekani. Kule Kibuye nimeokota kijitabu cha zamani cha mazoezi ya GRE (mtihani wa kuombea masomo ya juu Marekani) ya fasihi ya Kiingereza. Jalada limeng'oka lakini maswali yamo yote, 230 kwa dakika 170.

Kuchambua kifungu sina tabu. Kinachonimaliza ni pale unapopewa mishororo sita, hakuna jina wala mwaka, halafu uchague mwandishi kati ya watano. Sasa nisome kila kitu tangu Beowulf, ule utenzi wa Kiingereza cha kale? Na kuna jamaa mjini anadai nimtumie elfu ishirini kwa M-Pesa anisajili. Nishaurini kabla sijatuma.

Njoro_Kimya

Usitume hata shilingi! Mtihani huo wa fasihi ulisitishwa mwaka 2021. GRE ya jumla ingalipo, ila idara nyingi za Kiingereza kule zimeacha kuidai. Soma masharti ya kila chuo. Nguvu zako ziweke kwenye sampuli ya uandishi wako wa kitaaluma, hiyo ndiyo wanayoisoma.

MstaafuLurambi

Njoro amesema kweli, lakini kijitabu usikitupe. Ukipokelewa, vyuo vingi vitakutahini tena kabla ya tasnifu, pengine ana kwa ana mbele ya maprofesa, na hapo hakuna majibu matano ya kuchagua.

Mwalimu, sikio unalo tayari. Ulilipata kwenye somo la ushairi wa Kiswahili, ila hujalitumia huku. Kabla ya kuuliza nani kaandika, hesabu mizani. (Waingereza huangalia na mkazo: hafifu, nzito, hafifu, nzito.) Mizani kumi, vina viwili viwili, maana ikifungwa mwisho wa kila jozi, na kejeli imejaa tele: uko kwa Dryden au Pope, kati ya 1660 na 1744. Mizani kumi bila vina, sentensi ikivuka mishororo saba hujaona kitenzi chake: mfikirie Milton kwanza. Mshororo uliokatwa katikati, ukwapi na utao kabisa, lakini umeshonwa kwa sauti za mwanzo wa maneno badala ya vina: hicho ni Kiingereza cha kale, Beowulf na wenzake. Nane, sita, nane, sita, na vistari kila mahali: Dickinson. Hiyo mizani unaijua, nusu ya nyimbo za kanisani zimo humo. Mishororo mirefu isiyo na vina, inayoorodhesha watu na kazi zao bila kuchoka, ni Whitman.

Wahakiki nao usiwakariri kwa majina. Jua kila mmoja aligombana na nani. Sidney anawajibu wanaowaita washairi waongo: mshairi hadai kwamba jambo ni kweli, basi atadanganyaje? Shklovsky, 1917, anasema sanaa hukifanya kitu tulichokizoea kiwe kigeni tena machoni. Wimsatt na Beardsley, 1946, wanakataa nia ya mwandishi iwe kipimo cha shairi. Ukilijua gombano, kifungu chenyewe kitakutajia mwandishi wake.

Kijana_wa_Mumias

Mzee, heshima zako, lakini tumeshafika wapi? Angalieni mgawo wa mtihani huo: fasihi ya Uingereza hadi 1925 peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya maswali. Achebe, Ngũgĩ na dunia nzima baada ya 1925 waligawana asilimia 20 hadi 30, tena pamoja na Wamarekani na Waingereza wa kipindi hichohicho. Ngũgĩ, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe mwaka 1968, fasihi yetu ikae katikati. Na sisi bado tunabahatisha Pope!

MstaafuLurambi

Kijana, mgawo siutetei. Ila wale watatu walikuwa wanawajua hao Waingereza barabara, ndiyo maana hoja yao haikupuuzwa. Tena kutoa shairi bila jina si hila ya wasahihishaji. Mhakiki I. A. Richards aliwafanyia hivyo wanafunzi wake wa Cambridge na kuchapisha maoni yao mwaka 1929. Vijana wa chuo kikubwa, na wengi wakasifu mashairi hafifu na kuyaponda mazuri. Mimi darasani nilikuwa nafuta majina hata kwenye mashairi ya Kiswahili. Kelele zilikuwa nyingi, lakini walisoma.

MsomajiNyalenda

Asanteni, jamaa nimemzuia kwenye simu. Mzee, swali moja: nina ubeti wa mishororo tisa, minane ya mizani kumi na wa mwisho kumi na mbili. Nimeandika Spenser. Sawa?

MstaafuLurambi

Umbo ni lake, lakini Byron, Shelley na Keats waliliazima miaka mia mbili baadaye. Tazama tahajia na msamiati. Spenser alijizeesha makusudi, maneno yake yalikuwa ya kale hata kwa watu wa 1590, na ubeti wake una mashujaa, mazimwi na mabibi wenye majina ya maadili. Kama msemaji anazurura Ulaya akijihurumia mbele ya magofu, huyo ni Byron. Kama ni usiku wa baridi na unakaribia kuonja vyakula vilivyoandaliwa mezani, ni Keats. Andika hapa mishororo miwili ya kwanza tuone.