Kura kwa posta Pennsylvania: aanzie wapi, na hukataliwa kwa lipi?

Shemeji_PA: Wakuu, ndugu yangu amepata uraia wa Marekani na jina lake tayari limo kwenye daftari la wapiga kura Pennsylvania. Siku ya uchaguzi yuko zamu kutwa nzima. Aombeje kura ya posta, na zinazokataliwa hukataliwa kwa kosa gani hasa?

Karani_wa_Kaunti: Sababu haulizwi. Tangu sheria ya 2019, mpiga kura yeyote wa huko anaruhusiwa. Aombe kwenye tovuti ya jimbo au kwa fomu ya karatasi, akiandika namba ya leseni ya udereva au tarakimu 4 za mwisho za Social Security (namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani). Ombi liwe limefika kaunti kabla ya saa 11 jioni, Jumanne inayotangulia ile ya uchaguzi. Ila akingoja mpaka hapo, posta haitawahi kwenda na kurudi.

Shughuli yenyewe iko kwenye bahasha. Zinakuja mbili. Karatasi ya kura inaingia kwanza kwenye bahasha ya siri. Anaifunga na haandiki chochote juu yake, si jina wala kialama. Kisha anaitia kwenye ile ya nje yenye tamko la mpiga kura. Akiruka bahasha ya siri, kura imekwenda na maji. Kwenye tamko aweke sahihi na tarehe ya siku anayotia sahihi. Watu wanaandika tarehe ya kuzaliwa, sijui kwa nini!

Posta_Si_Haraka: Niongeze: muhuri wa posta haumwokoi mtu huko. Bahasha iwe mikononi mwa kaunti kufikia saa 2 usiku siku ya uchaguzi. Ikibaki chini ya wiki, aipeleke mwenyewe ofisi ya uchaguzi ya kaunti, au kwenye sanduku rasmi kama kaunti yake inayo. Na wewe shemeji usimpelekee. Kila mtu hurudisha yake, isipokuwa mwenye ulemavu aliyejaza fomu ya kuteua mtu.

Shemeji_PA: Shukrani. Akipata ruhusa kazini dakika za mwisho je?

Karani_wa_Kaunti: Kama hajairudisha, aende kituoni na karatasi ya kura pamoja na bahasha ya nje. Zitabatilishwa, atapiga kama wengine. Akienda mikono mitupu atapewa kura ya muda, ambayo kaunti huichunguza kwanza kabla ya kuihesabu.