Tupeane uzoefu: "kutwa mara tatu" na mengine tuliyoyaelewa ndivyo sivyo kuhusu dawa

Mwanzisha mada, Morogoro

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali mama yangu, aliyekuwa akitibiwa maambukizi ya kifua, na nilipokuwa nikimtandikia kitanda nikakuta chini ya mto bahasha ndogo ya kaki yenye vidonge vya amoksilini. Juu yake muuzaji alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu "1x3, siku 5", yaani vidonge 15, na dozi ilipaswa kuwa imekwisha tangu juzi yake. Nilivimimina kiganjani nikavihesabu: vilibaki saba.

Sikumgombeza, nilimuuliza tu anavyomeza. Akanieleza kwa utulivu kwamba anameza kila amalizapo kula, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa, kutwa mara tatu. Na kwa kuwa ugonjwa ulimwondolea hamu ya chakula, zipo siku alizokula mara moja tu, basi na dawa akaimeza mara moja. Kwa hesabu yake hakukosea kitu. Hakuna aliyemwambia kwamba "mara tatu" ni kila baada ya saa nane, kwamba amoksilini hutoka mwilini upesi na ikicheleweshwa vijidudu hupata nafasi ya kuzaliana tena, wala kwamba dawa hiyo humezwa hata kama mtu hajala. Maelezo yote hayo yamefungwa ndani ya ile "1x3", na anayeweza kuyafungua ni yule aliyeiandika.

Naomba kila mmoja aeleze jambo alilokuwa akiliamini kuhusu dawa za kawaida za nyumbani, na alivyokuja kujua kwamba sivyo.

Mchangiaji, Kahama

Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Langu linahusu dawa ya mseto ya malaria, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu naamini wengi wa rika langu tunalifanya kosa hili bila kujua lilikotoka.

Sisi tulikua na klorokwini, ile chungu iliyowasha mwili hadi mtu akajikuna usiku kucha. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliiacha kwa kuwa malaria ilikwisha kuwa sugu kwake, ikaja SP: vidonge vitatu kwa mara moja, umemaliza. Mwishoni mwa mwaka 2006 ndipo ikaja ALu, ndiyo hiyo dawa ya mseto, ambayo mtu mwenye kilo 35 au zaidi hupewa vidonge 24, vinne vinne, mara sita ndani ya siku tatu. Aliyezoea kumaliza matibabu kwa glasi moja ya maji, akikabidhiwa vidonge 24, huona vingine ni vya ziada. Mimi niliona hivyo. Nilimeza kwa siku mbili, homa ikakata, nikarudi shambani, na vidonge nane vilivyobaki nikaviweka kabatini nikiamini kwamba nimewawekea watoto akiba.

Miezi michache baadaye mwanangu wa miaka minne alipandisha homa usiku. Nikaitoa ile akiba, nikampa kwa kukisia, kimoja usiku, kimoja asubuhi, kimoja tena jioni. Siku ya tatu alikuwa akipumua kwa taabu na mbavu zinabonyea ndani kila akivuta pumzi. Zahanati walimpima malaria, hakuwa nayo. Ilikuwa nimonia. Alipona, namshukuru Mungu, lakini zile siku nilizomnywesha dawa ya ugonjwa asiokuwa nao bado zinanirudia kila nikimsikia anakohoa.

Muuguzi aliyetupokea alikaa nami akanifafanulia. Ndani ya kidonge kimoja cha mseto mna dawa mbili: moja huua sehemu kubwa ya vimelea kwa haraka, na hiyo ndiyo inayomfanya mtu ajisikie mzima siku ya pili, nyingine hufanya kazi polepole ya kumalizia waliobaki, na ukikatiza unawaachia hao nafasi ya kurudi. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza, ndipo zinazofuata zinakuwa za asubuhi na jioni. Kwa hiyo aliyeanza saa mbili usiku anapaswa kuamka saa kumi alfajiri ameze, na hapo ndipo wengi tunapolala. Mgonjwa akitapika kabla ya saa moja kupita, dozi ile hurudiwa.

Tena akaniambia nimeze pamoja na kitu chenye mafuta, kama maziwa, karanga au parachichi, kwa sababu mwili huipokea dawa hiyo vizuri zaidi kukiwa na mafuta. Nilishangaa sana, maana kwetu tumelelewa tukiambiwa kwamba maziwa hukata makali ya dawa. Kumbe maneno yale yana ukweli kwa baadhi ya dawa, kama tetrasaikilini na siprofloksasini, ambazo hushikana na madini ya maziwa zikashindwa kuingia mwilini vizuri. Kosa letu ni kuichukua kanuni ya dawa moja na kuitandaza juu ya zote.

Mchangiaji, Songea

Mimi ni muuzaji katika duka la dawa muhimu, hapa mkoani Ruvuma ambako maduka ya aina hii yalianzia mwaka 2003. Neno ninalolisikia kuliko mengine yote ni "nipe nusu dozi". Mteja anaweka shilingi zake juu ya meza, anaomba vidonge vitano vya antibayotiki kwa ajili ya mafua, na nikimweleza kwamba mafua husababishwa na virusi ambavyo antibayotiki haivigusi, ananijibu kwamba mara iliyopita alimeza akapona. Ni kweli alipona, lakini mafua hupona yenyewe baada ya siku kadhaa, na sifa inakwenda kwa kidonge. Sijapata bado namna ya kulieleza hili kwa dakika mbili likaeleweka, na naumia kwa sababu najua akitoka kwangu ataingia duka la pili.

Jambo lililonikaa zaidi moyoni ni la kijana aliyejikata kwa jembe juu ya mguu. Alikuwa ameifungua kapsuli ya rangi mbili na kuumwagia unga wake kwenye kidonda kwa siku nne mfululizo. Unga ulikuwa umeganda ukawa kama gamba la njano, na kwa juu kidonda kilionekana kimekauka. Tulipolilowesha kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, gamba likabanduka na usaha ukatoka kwa chini. Dawa ile imetengenezwa imezwe, ipite tumboni, iingie kwenye damu. Ukiimwaga juu ya kidonda inafunika uchafu, na wapo watu ambao ngozi yao huikataa. Kidonda kibichi kinahitaji kuoshwa vizuri kwa maji safi na sabuni, na kikiwa kirefu kipelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Nilimwandikia barua ya kwenda huko na nikamsindikiza hadi barabarani.

Wazazi wenzangu, pia ile dawa ya unga ya watoto, mkishaichanganya na maji hadi kwenye mstari wa chupa, hudumu kwa siku chache tu zilizoandikwa pale, mara nyingi saba au 14. Inayobaki humwagwa, haitunzwi kwa ajili ya mdogo wake.

Mchangiaji, Mombasa

Nawashukuru nyote. Mimi nilikuwa naamini kwamba dawa ya kichwa haiwezi kumdhuru mtu kwa kuwa inauzwa hata kwenye kioski pamoja na majani ya chai. Nilipopata mafua makali, nikawa nameza tembe mbili za Panadol kila saa sita, na katikati nakunywa dawa ya mafua ya kupakiti ndani ya maji moto. Ndugu yangu wa kike ndiye aliyezichukua zile pakiti na kunisomea maandishi madogo ya nyuma: zote mbili zilikuwa na parasetamoli. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu nne kwa saa 24, yaani tembe nane za miligramu 500, na mimi kwa Panadol peke yake nilikuwa nimekwisha kuifikia hesabu hiyo. Inayoumia ni ini, nalo halilalamiki mapema. Tangu siku hiyo natafuta jina la dawa yenyewe kwenye pakiti, sitazami tu jina kubwa la biashara.

Mchangiaji, Tanga

Binti yangu alipoharisha nikiwa mzazi mgeni, nilipewa pakiti za ORS pamoja na vidonge vya zinki. Nilidhani maji mengi yatazidi kumharisha, kwa hiyo nikaimimina pakiti nzima kwenye kikombe kimoja cha chai ili iwe "kali". Mtoto alionja akaikataa, na mama mkwe wangu akasema mtoto akikataa dawa ujue haimfai. Ashukuriwe jirani yetu, mhudumu wa afya wa mtaa, aliyeingia akakiona kile kikombe na kukimwaga. Pakiti moja ya aina ile ilihitaji lita moja kamili ya maji safi. Ikiwa na chumvi nyingi kuliko inavyotakiwa inaweza kumdhuru mtoto badala ya kumrudishia maji aliyopoteza. ORS haikuwekwa ili ikate kuhara, imewekwa ili mtoto asikaukiwe wakati mwili wake unapambana, na iliyochanganywa leo haifai kunywewa kesho. Zinki nayo nilikuwa tayari kuiacha siku ya tatu choo kilipokuwa kizuri, kumbe huendelea kwa siku 10 hadi 14.

Mchangiaji, Mwanza

Nimesita kuandika, lakini naona huenda ikamfaa mtu. Marehemu baba yangu aliandikiwa dawa ya presha, kidonge kimoja kila asubuhi. Yeye alikimeza siku ambazo kichwa kilimuuma. Nyakati nyingine alisema vidonge vya presha ukivianza huviachi, kwa hiyo ni heri kuvipunguza, na kila alipopimwa akakutwa yuko sawa alituonesha karatasi kama uthibitisho kwamba amepona. Hatukujua kwamba alikuwa sawa kwa sababu ya vile vidonge. Presha ya juu haina lazima ya kuumiza kichwa. Inaweza kukaa mwilini miaka mingi ikiharibu mishipa kimya kimya. Alipata kiharusi akiwa anafunga kamba za viatu, upande wa kulia ukalegea, na hakuzungumza tena sawasawa hadi alipofariki. Mimi sasa nina presha hiyo hiyo. Nameza kila siku baada ya kupiga mswaki, niwe naumwa au siumwi, na nikiona inanisumbua, kama miguu ilipoanza kuvimba mwaka jana, narudi kwa daktari anibadilishie, siiachi mwenyewe.

Mwanzisha mada, Morogoro

Ndugu wa Mwanza, Mungu amrehemu mzee wetu. Nimeyasoma maneno yako mara mbili.

Wengine mmeniuliza habari za mama. Siku ile ile nilimrudisha kituo cha afya pamoja na bahasha na vile vidonge saba, daktari akamsikiliza kifua upya na kumwanzishia dozi nyingine. Tulipofika dirisha la dawa nilimwomba mfamasia aeleze saa, naye akamuuliza mama anaamka saa ngapi na kulala saa ngapi. Mama akajibu kwa sala zake. Wakakubaliana hivi: kimoja akimaliza sala ya alfajiri, kimoja baada ya adhuhuri, kimoja anapokwenda kulala, awe amekula au hajala. Nesi aliyekuwa pembeni akamkumbusha pia kwamba vidonge vyake vya kuongeza damu asivishushie kwa chai, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, bali avimeze kwa maji na chai isubiri saa moja au mbili.

Mfamasia alitaka kuandika "1x3" kama kawaida. Mama akamshika mkono kwa upole, akasema, "Mwanangu, niandikie alfajiri, adhuhuri na kulala." Akaandika hivyo. Bahasha hiyo ilikwisha siku ya tano jioni, na mama ameihifadhi ndani ya mkoba wake wa kliniki ili amwoneshe atakayemwandikia nyingine.