Jedwali la jaribio la pendulo: nini kiandikwe, na kwa namna gani?

Mwalimu wa Fizikia, Kidato cha Pili

Walimu wenzangu, habari za kazi. Wanafunzi wangu wanapima muda wa mibembeo 20 ya pendulo kwa uzi wa urefu wa kuanzia sentimita 50 hadi 100, kisha wanachora grafu ili kupata mchapuko utokanao na mvutano wa dunia. Kupima wanapima vizuri. Kinachonisumbua ni majedwali yao. Kundi moja huandika "50cm" na "28.4s" katika kila kisanduku, jingine huandika 28.37 kwenye mstari mmoja na 31 kwenye mstari unaofuata, na wengi hugawanya kwa 20 pembeni, wakaniletea jawabu peke yake. Naomba ushauri wenu: vizio vikae wapi, nafasi za desimali ziwe ngapi, na je, vipimo vilivyorudiwa vionyeshwe vyote au wastani unatosha?

Msimamizi wa maabara

Mwalimu, vizio vina mahali pamoja tu, napo ni kwenye kichwa cha safuwima, baada ya jina la kinachopimwa. Visandukuni zibaki namba tupu. Safuwima ya kwanza ni ya kile alichokipanga mwanafunzi mwenyewe, yaani urefu. Zinazofuata ni za alichokisoma kwenye saa, na za mwisho ni za alichokikokotoa. Kwa jaribio lako ningeandika hivi, l ikiwa ni urefu wa uzi, t muda wa mibembeo 20, na T muda wa mbembeo mmoja:

l (cm) | t₁ (s) | t₂ (s) | wastani wa t (s) | T (s) | T² (s²)
50.0 | 28.3 | 28.5 | 28.4 | 1.42 | 2.02
60.0 | 31.1 | 31.3 | 31.2 | 1.56 | 2.43

Nazitetea sana safuwima za t₁ na t₂. Tuseme kwenye urefu wa 50.0 mwanafunzi amepata 28.3 na 26.9. Tofauti yake ni 1.4, yaani karibu sawasawa na muda wa mbembeo mmoja, na mara nyingi sababu ni kwamba mhesabuji alitamka "moja" pale alipobonyeza saa, badala ya "sifuri", hivyo akapima mibembeo 19. Vipimo vyote viwili vikiwa mbele ya macho yake, mwanafunzi hulitambua kosa hilo uzi ukiwa bado umefungwa, akapima tena. Angeandika wastani wa 27.6 peke yake, nukta ingekaa chini ya mstari wa grafu na hakuna ambaye angeweza kueleza kwa nini.

Mwalimu mstaafu wa Fizikia

Naunga mkono, nikiongezea suala la desimali. Saa ya simu huonyesha hadi sehemu ya mia ya sekunde, lakini kidole cha binadamu huchelewa au kuwahi kwa takribani 0.2 ya sekunde, kwa hiyo ile 7 iliyo mwishoni mwa 28.37 haitufundishi lolote. Aandike 28.4, na safuwima nzima ifuate mtindo huo. Kosa hilo la 0.2 likigawanywa kwa 20 linabaki 0.01, na ndiyo maana T inastahili nafasi mbili za desimali. Ndiyo maana pia hatupimi mbembeo mmoja. Urefu nao uandikwe 60.0, si 60, kwa kuwa rula ya mita ina alama za milimita.

Nina tahadhari moja kuhusu T². Wastani ukiwa 28.3, T ni 1.415, mwanafunzi akiikadiria kuwa 1.42 kabla ya kuipandisha kwenye kipeo cha pili atapata 2.02, ilhali jawabu halisi ni 2.00. Akokotoe kwa namba ambayo haijakadiriwa, makadirio yaje mwishoni.

Mwalimu wa Kemia

Kwetu pia ni hivyo hivyo. Usomaji wa mwisho wa bureti (mrija wenye alama za kupimia ujazo wa kimiminika), usomaji wa mwanzo na ujazo uliotumika vyote huandikwa, tena 24.60 wala si 24.6, kwa sababu bureti husomwa hadi 0.05 ya sentimita ya ujazo.

Mwalimu wa Fizikia, Kidato cha Pili

Nawashukuru sana. Kipimo kibaya kifutwe? Na je, niwachoree jedwali ubaoni?

Msimamizi wa maabara

Kisifutwe. Kikatwe kwa mstari mmoja, namba iendelee kusomeka, na kipimo kipya kiandikwe kando yake. Jedwali walichore wao, kabla ya kuufunga uzi, kwa kuwa anayepanga safuwima hulazimika kuamua atapima nini na mara ngapi; ukiwachorea, uamuzi huo unakuwa wako. Ubaoni andika swali la jaribio na orodha ya vifaa tu.

Wakifika kwenye grafu, vichwa vya safuwima vihamie kwenye mihimili pamoja na vizio vyake. Urefu ukibaki katika sentimita, mteremko wa grafu ya T² dhidi ya l utakuwa karibu 0.040 s²/cm na mchapuko, ambao ni 4π² ikigawanywa kwa mteremko huo, utatoka takribani 980 cm/s². Jawabu hilo ni sahihi kabisa, lakini mwanafunzi aliyeacha vizio njiani huliona kubwa mno kuliko 9.8 (m/s²) aliyoizoea, akalifuta.