GRE imebaki wiki saba, maswali ya kuhesabu namna, uwezekano na mfuatano yananiangusha. Naomba ushauri

BintiChuno:

Habari za jioni wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Nipo Mtwara mjini, Chuno. Shahada yangu ni ya kilimo, na kidato cha tano na sita nilisoma CBG (kemia, biolojia na jiografia), kwa hiyo hesabu nilizobeba kutoka shule ni zile za msingi za BAM tu. Kuna kozi ya uzamili Marekani naiomba na idara yao inataka alama za GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya uzamili. Nimeshalipia, naufanya baada ya wiki saba. Mchana nashinda ghalani naandika mizigo ya korosho inayoshushwa, msimu ndio huu, hivyo nasoma saa 2 usiku hadi saa 5.

Aljebra naimudu. Jiometri, asilimia na kusoma majedwali, hayo hayanisumbui. Kinachonitesa ni maswali ya "kuna namna ngapi", ya uwezekano na ya mfuatano wa namba. Jumapili nilijipima maswali 20 ya aina hiyo, nikapata 6. Nikisoma majibu naona ni mepesi, nafunga kitabu nikiwa nimeridhika, na baada ya siku mbili nakosea lile lile kwa njia ile ile. Hapo ndipo ninapoumia.

Nayaweka matatu muone ninavyokosea.

La kwanza: kamati ya watu 3 ichaguliwe kutoka wanawake 5 na wanaume 4, na angalau mwanaume mmoja awemo. Nilichagua mwanaume kwa namna 4, kisha wawili kutoka watu 8 waliobaki kwa namna 28. 4 × 28 = 112. Jibu la kitabu ni 74.

La pili: kitabuni zilikuwa balbu, mimi naziita korosho. Zipo 10, mbovu ni 4. Unachukua 2 bila kurudisha. Uwezekano wa kupata angalau moja mbovu? Nilijumlisha 4/10 na 4/10 nikaandika 8/10. Jibu ni 2/3.

La tatu: mfuatano unaanza na 3, na kila namba inayofuata ni 1 ukigawa kwa (1 − namba iliyotangulia). Namba ya 100 ni ipi? Nilitafuta kanuni dakika nne nzima, nikaacha wazi.

Kanuni zote nimekariri. Sasa tatizo langu liko wapi? Natanguliza shukrani.

Msafiri_Mingoyo:

Dada, kabla hujachoka zaidi, una hakika idara hiyo bado inaidai GRE? Tangu 2020 vyuo vingi vya Marekani vimeondoa sharti hilo au vimeliacha kuwa hiari. Soma tena ukurasa wa idara yenyewe, usitegemee ukurasa wa chuo kwa jumla. Nimeona mtu akihangaika miezi kwa mtihani ambao hakuna aliyemwomba.

BintiChuno:

Asante kaka. Nimewaandikia na wamenijibu, kwao ni lazima.

Mwl_Kitangari:

Binti, marahaba. Nimefundisha hesabu sekondari huku Newala miaka mingi, na kosa lako la kwanza nimelikuta kwenye madaftari mengi mno. Kabla sijakuonyesha ulipoteleza, hesabu kwanza kamati zote bila sharti lolote. Watu 9, chagua 3: 9 × 8 × 7 ni 504, gawa kwa 6 kwa sababu watu watatu wale wale hupangika kwa namna 6, unapata 84. Kamati zote zinazowezekana ni 84, na wewe umepata 112 zenye mwanaume. Hapo hapo ungejua kwamba pamevuja.

Sasa tutafute palipovuja. Wanaume tuwaite Hamisi, Saidi, Juma na Musa. Ulipomtanguliza Hamisi, kisha ukawachukua Saidi na Asha, ulihesabu kamati moja. Ulipomtanguliza Saidi, kisha ukawachukua Hamisi na Asha, ukahesabu nyingine. Wakikaa mezani ni watu wale wale watatu. Kamati yenye wanaume wawili umeihesabu mara mbili, yenye watatu mara tatu. Hakikisha mwenyewe: zenye mwanaume mmoja ni 4 × 10 = 40, zenye wawili ni 6 × 5 = 30, zenye watatu ni 4. Jumla 74. Halafu fanya 40 + (30 × 2) + (4 × 3), utaiona 112 yako inatokea. Napenda sana mwanafunzi alione hili kwa macho yake, maana akishaliona halimrudii tena.

Neno "angalau" likupeleke upande wa pili moja kwa moja. Kamati zote 84, toa zisizo na mwanaume hata mmoja, yaani wanawake 3 kati ya 5, ambazo ni 10. Inabaki 74.

La korosho ni ndugu wa hilo. Uwezekano wa kukosa mbovu mara zote mbili ni 6/10 mara 5/9, sawa na 1/3. Toa kwenye 1, unabaki na 2/3. Na ile njia yako ya kujumlisha, ungechukua korosho tatu ingekupa 12/10. Uwezekano haupiti 1 kamwe, hivyo njia yenyewe ina ugonjwa hata pale jibu lake linapoonekana la kawaida.

Kanuni unazo. Unaishika kanuni mapema mno, kabla hujajua unahesabu nini. Kabla ya kuandika chochote jiulize: hapa napanga au nachagua? Nikibadilisha mpangilio, nimepata kitu kipya au ni kile kile? Ukishindwa kujibu, punguza swali. Badala ya wanawake 5 na wanaume 4, weka wanawake 2 na wanaume 2, kamati ya watu 2, uorodheshe zote kwa mkono. Zipo 6 tu, na yenye wanawake watupu ni moja. Njia yako ingekupa 2 × 3 = 6 zenye mwanaume, na kwa macho unaziona 5.

Kete_64:

Mwalimu amemaliza hayo mawili, niseme la tatu. Mimi niliufanya mtihani huo mwaka jana.

Swali la dakika mbili haliwezi kukudai namba ya 100 kwa kuzitembelea zote. Lazima kuna kitu kinajirudia au kinachopanda kwa hatua sawa, na utakiona ukiandika nne au tano za mwanzo. Anza: 3. Ya pili 1/(1 − 3) = −1/2. Ya tatu 1/(1 + 1/2) = 2/3. Ya nne 1/(1 − 2/3) = 3. Umerudi ulipoanzia. Zinazunguka kwa tatu tatu, na 100 ukigawa kwa 3 inabaki 1, kwa hiyo namba ya 100 ni sawa na ya kwanza: 3. Kazi hiyo haifiki dakika moja.

Kuhusu muda: tangu Septemba 2023 GRE imefupishwa. Hesabu zina sehemu mbili, ya kwanza maswali 12 kwa dakika 21, ya pili maswali 15 kwa dakika 26. Ni kama dakika 1 na sekunde 45 kwa swali. Ukikosa hupunguziwi alama, kwa hiyo usiache hata moja wazi kama ulivyofanya hilo la mfuatano. Lichagulie jibu, liwekee alama, uendelee, ukibakiwa na muda unalirudia ndani ya sehemu ile ile. Kikokotoo kipo kwenye skrini lakini ni cha kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawa na kipeuo cha pili (√) tu. Faktoriali (mfano 5! ni 5 × 4 × 3 × 2 × 1) utaifupisha mwenyewe kwa mkono.

Mtego mwingine ulioniumiza mimi. Wakikwambia uwezekano wa tukio moja ni 0.6 na wa jingine ni 0.7, usikimbilie kuzidisha upate 0.42. Kuzidisha hivyo ni mpaka uambiwe kwamba matukio hayategemeani. Bila hilo, uwezekano wa yote mawili kutokea unaweza kuwa popote kuanzia 0.3 hadi 0.6. Kwenye maswali ya kulinganisha kiasi viwili hapo ndipo wanapotaka uchague "haiwezi kujulikana".

BwanaShamba_Nachingwea:

Mdogo wangu, kwa kuwa umesoma kilimo hili utalishika haraka. Mstari wa meta 120, unapanda mikorosho kila baada ya meta 12 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wengi wanasema miche 10. Ni 11, kwa sababu nafasi ni 10 na mche wa kwanza haujatanguliwa na nafasi yoyote. Kosa la kusahau mmoja ndilo linalowaangusha watu kwenye mfuatano. Namba zinazogawanyika kwa 7 kati ya 100 na 500 ni ngapi? Ya kwanza 105, ya mwisho 497. Tofauti 392, gawa kwa 7 ni nafasi 56, ongeza ule mche wa kwanza: 57.

DadaLigula:

Naona wote mmefundisha hesabu, ila hajajibiwa lile la kusahau. Mimi sikubaliani na kufanya maswali mapya kila usiku. Mdogo wangu, tafuta daftari dogo. Kila ulipokosa, andika swali, kisha andika wazo lako baya lilivyokuja, mfano "nilimchagua mwanaume kwanza nikamhesabu mara mbili". Jibu la kitabu usiliandike. Baada ya siku tatu lifanye upya kwenye karatasi tupu. Ukilikosa tena linabaki daftarini, ukilipata mara mbili mfululizo unalikata. Kusoma jibu na kulielewa kunakudanganya kwamba ulilifanya wewe.

ETS wenyewe, yaani wenye mtihani huu, wanatoa majaribio mawili ya bure yanayoitwa POWERPREP. Usiyamalize sasa. Moja lifanye wiki ya nne, la pili siku kumi kabla ya mtihani, kwa saa, mlango umefungwa, simu iko chumba kingine.

Msafiri_Mingoyo:

Niongeze la barabara. Masasi kwenda Mtwara unaweza kupitia Mnazi Mmoja au kupitia Newala na Tandahimba. Kwenda na kurudi ni namna 2 × 2 = 4. Ukikataa kurudi kwa njia uliyoendea, ni 2 × 1 = 2. Hatua moja ikifuatiwa na nyingine unazidisha. Ukiwa na njia mbadala zisizoingiliana, hii au ile, unajumlisha.

BintiChuno:

Nimesoma yote mara mbili, nimeshanunua na daftari. Mwalimu, lile la 40 + 60 + 12 nimelifanya kwa mkono na kweli 112 imetokea. Sijawahi kuliona kosa langu likiwa na umbo namna hiyo.

Mwl_Kitangari:

Vizuri. Basi jaribu hili bila kitabu. Herufi za neno MTWARA zinapangwa kwa namna ngapi ikiwa A mbili zisikae pamoja?

BintiChuno:

Zote 6! = 720. Zikikaa pamoja nazifanya kitu kimoja, 5! = 120, mara 2 kwa sababu zinabadilishana, 240. 720 − 240 = 480.

Mwl_Kitangari:

Njia ya kutoa ni sahihi. Ila zibadilishe hizo A mbili mahali, uniambie umepata neno gani jipya.

BintiChuno:

Lile lile! Basi zote ni 360, zilizo pamoja ni 120, jibu 240. Naliandika daftarini sasa hivi.

Mwl_Kitangari:

Liandike, usiku wa Jumamosi ulirudie. Sasa MASASI, S mbili zisikae pamoja. Safari hii washa saa.

BintiChuno:

Herufi 6, A mbili na S mbili: 720 kugawa kwa 4 ni 180. S zikiwa pamoja nabaki na vitu 5 vyenye A mbili: 120 kugawa kwa 2 ni 60. 180 − 60 = 120. Dakika 1 na sekunde 50, mwalimu.

Mwl_Kitangari:

Sahihi. Zimebaki sekunde 5 za kupunguza. Kesho saa 2 usiku nakuwekea NACHINGWEA.