Mabaka ya vitiligo: losheni ya DHA, krimu ya kufunika au hina? Tulinganishe

MpambajiKSM (Kisumu)

Maswali kuhusu mabaka meupe yamekuwa mengi humu na majibu yanagongana, kwa hivyo naweka ulinganisho mahali pamoja. Mnaojua zaidi ongezeni, na palipokosewa sahihisheni. Nazungumzia vitiligo tu, yaani ngozi kupoteza rangi yake kwa mabaka, kwa ngozi nyeusi, kwa mtu anayejipaka mwenyewe nyumbani.

Losheni ya DHA ndiyo ile Wazungu hujipaka waonekane wamepigwa na jua. DHA ni aina ya sukari. Ikikutana na protini za tabaka la juu la ngozi, lile lililokwisha kufa, hugeuka kahawia jinsi mkate unavyopata rangi ukiokwa. Haitegemei seli zinazotengeneza rangi ya mwili, na ndiyo maana hushika hata kwenye baka ambalo seli hizo zimeisha. Rangi huanza kuonekana baada ya saa 2 hadi 4 na huendelea kukolea mpaka saa 24. Baada ya hapo hupungua kadiri ngozi inavyobanduka: mguuni siku 5 hadi 7, mkononi siku 2 au 3 tu. Ikishakolea, haihamii kwenye nguo wala haichuruziki na jasho, na kwa joto la Kisumu hilo ni jambo kubwa.

Krimu ya kufunika ni rangi nzito inayokaa juu ya ngozi ikishikwa na poda. Faida yake ni kwamba unapata rangi yako kamili papo hapo. Ukikosea unafuta. Kasoro yake ni msuguano: kola ya shati, mkanda wa begi, chuma cha matatu unachoshikilia, na kunawa mikono kabla ya kila mlo.

Hina hukaa wiki 1 hadi 3 lakini inatoa wekundu wa machungwa. Kwenye baka jeupe wekundu huo unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Siipendekezi.

Kwa jumla: shini (mbele ya mguu, chini ya goti), goti na kiwiko wekeni DHA, usoni krimu, na mgongo wa mkono zote mbili, DHA chini na krimu nyembamba juu.

FamasiaNaka (Nakuru)

Kazi nzuri, dada. Naongeza upande wa usalama kabla watu hawajakimbilia dukani.

Kwanza, hakikisheni ni vitiligo. Baka jeupe linaweza kuwa fangasi wa ngozi, nao hutibika. Na baka lililopauka ambalo halisikii ukiligusa kwa ncha ya pamba au kwa kitu baridi linahitaji kupimwa ukoma hospitalini. Kule magharibi mwa Kenya ugonjwa huo si hadithi ya kale tu, na Alupe kule Busia ilijulikana kwa kutibu wagonjwa wake. Kulipaka rangi baka la namna hiyo ni kuchelewesha tiba na kuacha neva ziharibike.

Pili, hina ina tatizo kubwa kuliko rangi. Kiambato chake kinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Upungufu huo ni wa kurithi na hupatikana zaidi katika maeneo yenye malaria, kwa hivyo ukanda wa Ziwa Victoria umo. Watoto wachanga ndio walio hatarini zaidi. Na ile inayoitwa hina nyeusi mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Hiyo huunguza, na vitiligo ina tabia ya kuzuka upya mahali ngozi ilipojeruhiwa. Unaweza kufunika baka moja ukafungua la pili.

Tatu, jaribio. Paka tone dogo ndani ya kiwiko, uache saa 24, kisha uangalie tena kesho yake. Muwasho, malengelenge au wekundu maana yake usiendelee. Kumbuka mzio unaweza kutokana na manukato ya losheni, si lazima uwe wa DHA yenyewe.

AchiengM (Siaya)

Asanteni. Swali langu ni hili: kwa nini baka la gotini likipakwa DHA hutoka na pete nyeusi kulizunguka, halafu katikati pakabaki machungwa?

MpambajiKSM (Kisumu)

Dada Achieng', hayo ni matatizo mawili tofauti.

Pete hutokea losheni inapovuka ukingo wa baka na kukaa kwenye ngozi yenye rangi. DHA haichagui, inapaka yote. Ngozi nzima inakuwa nyeusi zaidi ya ilivyokuwa, na mpaka unaonekana kuliko mwanzo. Machungwa katikati hutokana na losheni nyingi mno kwa mara moja, au ngozi kavu iliyonyonya bila mpangilio. Goti lina sugu, na pale penye ngozi nene DHA hupata protini nyingi za kushika. Ndiyo maana goti, kiwiko, vifundo vya vidole na magaga ya kisigino hukolea kupita kiasi.

Fanya hivi.

Siku moja kabla, lainisha ngozi kwa kitambaa laini na maji ya vuguvugu. Sugua kwa mzunguko dakika 1 hadi 2, pole pole. Usitumie jiwe la kusugulia kisigino, wala dodoki kavu, kwa sababu aliyoitaja FamasiaNaka hapo juu: ngozi ikichubuka, baka linaweza kuongezeka. Ukinyoa miguu, nyoa siku hiyo hiyo ya kabla, si saa ya kupaka, maana vitundu vya nywele vilivyo wazi hugeuka nukta nyeusi.

Siku yenyewe oga usiku. Acha sabuni ya kipande. Ina alkali nyingi, na DHA hufanya kazi vizuri pale ngozi ilipo na asidi kidogo. Tumia sabuni nyepesi ya maji na usuuze vizuri sana. Jikaushe na usubiri dakika 15 mpaka ngozi iwe kavu kabisa na joto la kuoga limetoka. Usipake mafuta yoyote juu ya baka lenyewe, kwani yatazuia rangi.

Sasa ukingo. Chukua kijiti cha pamba, kichovye kwenye mafuta ya mgando, upitishe mstari mwembamba nje ya baka, kwenye ngozi yenye rangi. Mstari huo ndio ukuta. Ukiingia ndani ya baka utaacha pete nyeupe, kwa hivyo fanya mbele ya dirisha au taa kali. Kwa baka la ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, losheni ya kiasi cha punje ya mchele inatosha. Iweke katikati kwa kijiti kipya, usambaze kuelekea nje, usimame milimita 1 hadi 2 kabla ya ukingo. Losheni hujitandaza yenyewe kidogo, itaufikia. Kwa goti zima lenye mabaka mengi madogo, tumia sifongo kidogo cha vipodozi, gusagusa bila kuburuta, goti likiwa limekunjwa kidogo. Ukilipaka likiwa limenyooka, mikunjo hukusanya losheni na asubuhi unaona mistari.

Subiri dakika 15 kabla ya kuvaa. Usiguse maji kwa saa 8. Vaa kitu kilegevu cha rangi ya giza, au jifunge leso kuukuu, na usipige goti.

Rudia usiku wa pili kwa kiasi kile kile, na wa tatu kama bado pamepauka. Tabaka tatu nyembamba hutoa kahawia. Tabaka moja nene hutoa machungwa. Hili ndilo watu hukataa kulisikia, kwa sababu wanataka jibu usiku mmoja.

WekesaBGM (Bungoma)

Dada, maelezo ya ukingo ni safi, lakini hapo kwa rangi mimi nina pingamizi. Kwa ngozi nyeusi ya kweli, DHA peke yake haitafika, hata kwa usiku tano. Ina kikomo: tabaka la ngozi iliyokufa likishajaa, kuongeza losheni hakuongezi weusi, kunaongeza umanjano tu. Anayeahidi kwamba itafanana kabisa anauza chupa.

Ulinganisho wa kweli ni huu. Mwenye ngozi ya maji ya kunde ataridhika na DHA pekee. Mwenye ngozi nyeusi atumie DHA kupunguza ukali wa tofauti, baka litoke kwenye weupe hadi kahawia, halafu krimu nyembamba imalizie. Krimu juu ya kahawia inahitaji tabaka moja. Juu ya weupe inahitaji tatu, na hizo tatu zikipasuka mchana kwa jasho, weupe unachungulia. Juu ya DHA hata ikipasuka, kinachoonekana ni kahawia, na hakuna anayegeuka kutazama.

Kuhusu asilimia: chupa za maduka mengi ni za asilimia 3 hadi 5, zimetengenezewa watu weupe. Kwetu tafuta inayokaribia 10. Umoja wa Ulaya umeweka hiyo 10 kuwa kikomo. Losheni ya polepole, ile ya kupaka kila siku kama mafuta ya kawaida, ina DHA kidogo sana. Haifai kuanzia. Inafaa kutunza rangi iliyokwisha kukolea.

MpambajiKSM (Kisumu)

Kaka Wekesa, hapo umesema kweli na nakubali. Rekebisheni nilichoandika juu: kwa ngozi nyeusi sana hata shini inahitaji krimu kidogo siku ya shughuli.

Niongeze jambo kuhusu DHA ya povu na ya losheni. Povu hukauka haraka na lina rangi ya mwongozo, kwa hivyo unaona ulipopaka. Lakini ni gumu kulizuia ndani ya ukingo. Kwa mabaka losheni nzito ni bora. Na rangi ya mwongozo huondoka unapooga mara ya kwanza, msishtuke mkiona maji ya kahawia. Hata zile chupa zinazosema zina ukijani wa kupunguza wekundu, sehemu kubwa ya huo ukijani iko kwenye rangi ya mwongozo na huenda na maji. Msinunue kwa sababu hiyo pekee.

DHA ya kunyunyizia siipendi kwa mabaka. Inaruka hewani, na DHA si ya kuvutwa puani wala kuingia machoni.

FamasiaNaka (Nakuru)

Mambo mengine manne, ya muhimu kuliko rangi.

Rangi ya DHA si kinga ya jua. Baka linaonekana kahawia lakini halina melanini, rangi asilia ya ngozi, kwa hivyo bado huungua. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, na jua la saa sita ni kali hata siku ya baridi. Paka losheni ya jua ya SPF 30 au zaidi, urudie kila saa 2 ukiwa nje. Yenye oksidi ya chuma ina rangi ya kahawia, haiachi weupe wa majivu. Siku ya kwanza baada ya kupaka DHA jikinge zaidi, maana ngozi iliyopakwa karibuni huathirika zaidi na miale. Wenye ualbino wanaosoma hapa, kwenu pia: DHA haiwalindi vya kutosha. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kutoa losheni za jua, ulizeni hospitali ya serikali iliyo karibu.

Anayetibiwa kwa mwanga hospitalini amwambie daktari wake kabla ya kupaka, kwa sababu kahawia ya DHA huzuia sehemu ya miale. Anayetumia dawa ya kupaka kwenye mabaka atenganishe kwa saa kadhaa.

Chupa iwekeni mahali pa baridi. Nyumba ya mabati mchana huiva, na DHA huharibika kwa joto. Weka chini kabisa ya kabati, si juu ya rafu, wala kwenye dashibodi ya gari. Losheni iliyobadilika rangi, au iliyoanza kunuka ukali usiokuwepo mwanzo, itupwe.

Na msichanganye DHA na krimu za kung'arisha mkidhani mtasawazisha kutoka pande mbili. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Kenya, na bado zinauzwa kichinichini.

MamaLavi (Kakamega)

Mimi naulizia msichana wa darasa la pili. Mabaka yako magotini na midomoni, na sketi ya shule ni fupi. DHA au krimu?

FamasiaNaka (Nakuru)

Mama, kwa mtoto anza na daktari wa ngozi, kwa sababu vitiligo ya mapema mara nyingi huitikia dawa vizuri. Kwa kufunika, krimu kwa siku anazotaka mwenyewe, nayo itoke kila jioni kwa mafuta ya mtoto. Midomo haishiki DHA vizuri na ataila, kwa hivyo usiipake hapo kabisa. Na umuulize mtoto kama anataka kufunikwa. Wengine hawataki, na hilo liheshimiwe.

AchiengM (Siaya)

Nimeshika. La mwisho: harusi ni Jumamosi, mabaka yako mikononi na shini. Ratiba iweje?

MpambajiKSM (Kisumu)

Jaribio la mzio lifanywe wiki mbili kabla, lisingoje wiki ya harusi. Jumanne usiku lainisha ngozi. Jumatano usiku tabaka la kwanza, Alhamisi la pili. Ijumaa asubuhi tazama kwenye mwanga wa nje: palipozidi, paka mafuta ya mtoto, acha dakika 20, sugua kwa kitambaa chenye uvuguvugu, patafifia kidogo. Ijumaa usiku ongeza DHA mikononi pekee, kwa sababu hiyo ndiyo imenawa siku nzima, na ulale na soksi kuukuu za pamba mikononi. Jumamosi asubuhi krimu kwa kidole cha pete, ukigongagonga bila kuburuta, poda juu yake, subiri dakika 10, pangusa poda iliyobaki kwa brashi. Ubebe krimu hiyo na sifongo kwenye mkoba, maana baada ya kunawa kwa ajili ya chakula vifundo vya vidole vitahitaji kuguswa tena.