Laptopu "mpya" ya shilingi 30,000 ni wizi wa mchana, na za 150,000 nazo zina mambo yake

Bisibisi:
Kila wiki mtu anauliza kama kuna haja ya kununua kompyuta ghali, na kila wiki anajibiwa "inategemea mfuko wako." Upuuzi! Uliza kilichomo ndani ni nini, na kama kinabadilishika.

Ile "mpya" ya 30,000 inayopangwa kwenye vioo vya Luthuli na Moi Avenue hapa Nairobi mara nyingi ina prosesa (ubongo wa mashine) ya Celeron N4020: viini 2 tu vya kufanya kazi. RAM (kumbukumbu ya kazi zilizofunguliwa) ni GB 4, imechomelewa kwenye bodi. Hifadhi ya mafaili ni eMMC (chipu ya bei rahisi) ya GB 64, nayo imechomelewa. Ukiiwasha, Windows inakuonyesha chini ya GB 60, na yenyewe imeshakalia sehemu kubwa, kwa hiyo sasisho kubwa likija linakosa pa kukaa. Mwanafunzi akifungua Chrome na Zoom pamoja, RAM inajaa, mashine inageukia eMMC kama RAM ya akiba, na eMMC ni kobe. Hapo inaganda. Fundi afanye nini wakati hakuna soketi? Muuzaji anajua hayo yote, lakini atakwambia "ni virusi, ilete tukupigie Windows upya." Na atakutoza!

Kwa pesa hizo hizo kuna mitumba ya ofisi za ng'ambo. ThinkPad T480 ya Lenovo ama EliteBook 840 G5 ya HP: prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 8, viini 4, soketi 2 za RAM, SSD (hifadhi ya kasi) ya kutoa kwa bisibisi.

Na huko pia kuna wakora. Stika ya i7 isikutishe: i7-7500U ina viini 2, i5-8250U ina 4. Tena hiyo i7 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana wanakusukumia kwa tabasamu.

Kabla hujatuma M-Pesa, fungua cmd (dirisha la kuandikia amri kwenye Windows) uandike powercfg /batteryreport. Fungua faili la ripoti litakalotajwa hapo; lina DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ikiwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo wake sasa). Ya pili ikiwa chini ya asilimia 70 ya ya kwanza, bei ya betri itoke kwake. T480 ina betri 2, soma zote. Zima, washa ukibonyeza F1 (HP ni F10) uingie BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, kabla ya Windows). Ikidai nywila, ondoka. Kupiga Windows upya hakuiondoi. Mwisho chomeka chaja ya USB-C na uhakikishe inachaji, maana programu ya zamani ya Thunderbolt, chipu inayoendesha tundu la USB-C kwenye T480, inajulikana kwa kuua tundu hilo.

Muuzaji akikukataza kufungua cmd, umeshajibiwa.

Waya_Mbili:
Kaka, sawa, lakini usiwapotoshe wanaohariri video. T480 ikibebeshwa mzigo mrefu inapata joto na kujipunguza kasi, na skrini zake nyingi zina rangi zilizofifia. Kazi ya rangi hapo ni kubahatisha. MacBook Air ya Apple yenye chipu ya M1 haina hata feni na inaiacha mbali, na betri inakaa siku nzima. Hiyo pesa ya ziada ina kazi.

Bisibisi:
Kwa mhariri, sibishi. Kwa anayeandika barua na kujaza fomu za kodi za KRA, ni pesa ya kujionyesha. Na hiyo Air ukiichukua na GB 8 utakufa nazo 8. RAM haiongezwi, wala hifadhi ya ndani. Ya mtumba ifutwe na iwashwe upya mbele yako ikiwa kwenye intaneti. Ikisema inasimamiwa na kampuni fulani, mrudishie muuzaji.

Waya_Mbili:
Na kompyuta isiyotoka nyumbani?

Bisibisi:
Achana na laptopu. OptiPlex 3060 ya mtumba (kompyuta ya mezani ya Dell), RAM GB 16, SSD, na UPS ndogo (betri ya akiba stima ikipotea) kwa sababu ya stima zetu. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS hiyo, itaizidi nguvu.