Tupeane uzoefu: picha za vita na mabomu, ni nini hawatuonyeshi baada ya mlipuko?

Mtoto wa Ngamiani (mtoa mada)

Wakuu habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu juzi nilipokuwa naangalia kwenye TV picha moja ya vita na wanangu, zile za ghorofa linashuka lote, helikopta inalipuka angani, staringi anatembea wala hageuki nyuma. Watoto wanashangilia, mi nikajikuta nimenyanyuka nimeenda kusimama nje. Sasa nataka kujua kama ni mimi tu au na wenzangu mnayo ya kwenu.

Mi nimekulia Ngamiani, zile barabara za namba, miaka ya tisini. Kibanda umiza chetu kilikuwa uani kwa mtu, kimezungushiwa makuti na magunia, TV ya chogo moja, deki moja na spika kubwa ndani ya boksi la mbao ambalo mwenye banda alilichonga mwenyewe. Ukikosa kiingilio unachungulia kwenye tobo mpaka wakumwagie maji. Ikiwa picha ya vita watu wanajaa mpaka joto linatoka nje, sisi watoto tunakalishwa chini mbele kabisa, na kama ni kanda iliyotafsiriwa Kiswahili ndo hapakaliki. Bomu likilipuka banda zima linapiga makofi. Staringi hafi, hilo tulikuwa tunalijua kama tunavyojua majina yetu.

Na hapo hapo sisi ni watoto wa Tanga, mlio wa bomu tunaujua toka tunanyonya. Uko zako Sahare au Raskazone asubuhi unasikia DUU zito linatoka baharini, kifua kinatikisika kidogo, mtu hata hageuzi shingo, anasema tu leo kitoweo kipo. Baruti za kuvulia samaki zilikuwa kitu cha kawaida namna hiyo.

Jirani yetu alikuwa mvuvi, jina lake sitaji. Ndo alikuwa anatulipia bandani kila Ijumaa, watoto wanne watano. Siku hiyo mi nina miaka 11, asubuhi tukasikia mlio kama siku zote, hakuna aliyeshtuka. Saa nzima baadae wakaja wenzake wamembeba kwenye tanga la ngalawa. Ile chupa ya baruti ilimlipukia mkononi. Mkono wa kulia haupo mpaka karibu na kiwiko na jicho moja limeenda. Lakini wakuu sio damu ninayoiota mpaka leo. Alikuwa hasikii. Alikuwa ameshafumbua lile jicho lililobaki anatuangalia, mama yake anapiga kelele, dada zake wanapiga kelele, mtaa mzima unalia, na yeye anauliza kwa sauti kubwa sana "mbona mmenyamaza? mbona hamsemi?"

Alipona, masikio hayakurudi yote. Baada ya miezi akarudi bandani, sasa haketi tena katikati, anakaa pembeni kwenye lile boksi la spika na mkono uliobaki kauweka juu ya mbao ili aisikie picha kwa kiganja. Siku aliyoingia mara ya kwanza bomu likalipuka kwenye kioo na hakuna hata mtu mmoja aliyepiga makofi. Toka hapo akiwemo yeye watu hawapigi.

Basi uzi wangu ni huu. Sitaki orodha ya picha kali. Nataka kila mwenye kisa chake aseme, baada ya mlipuko kuna nini ambacho kwenye picha kimekatwa?

Pweza wa Chumbageni

Mkuu umenigusa. Mi nazamia pweza na nimekuta chini ya maji kinachobaki. Kwenye picha bomu likipigwa baharini unaona maji yanaruka juu kama mnara afu yanatulia, wanaenda eneo lingine. Sasa shuka chini. Matumbawe yaliyokaa miaka na miaka yamekuwa kokoto, meupe, yanateleza ukiyakanyaga kama vigae vilivyovunjwa, na hakuna samaki anayekaa pale. Samaki wa bomu mama zetu sokoni wanamjua kwa kumshika tu, nyama laini inaachia mfupa, ukimpasua damu imevilia ndani na uti wa mgongo umekatika.

Kingine, staringi akitaka kuukwepa mlipuko wa baharini anaruka majini. Kama bomu lenyewe limepigwa ndani ya maji hapo ndo amejimaliza. Kwenye hewa sauti inaenda kama mita 340 kwa sekunde, kwenye maji inafika kama 1500, na ule mshindo maji hayaupunguzi kama hewa, unakuja mzima mzima unaingia kwenye mapafu na masikio. Nilikuwa chini siku moja wakapiga mbali sana, boti yao hata siioni nikichomoza, nilitoka natapika na kichwa kinalia wiki nzima. Ilipoanzishwa ile hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale, mwaka 2009 wengine tulishukuru Mungu, japo mabomu hayakuisha siku ile ile.

Shamte wa Raskazone

Mimi niongezee ya mji wetu maana watu wanaangalia fukwe za Ulaya na ya kwetu hawaijui. Wengi mmeona Saving Private Ryan ya 1998, ule mwanzo wake wanajeshi wanashuka ufukwe wa Omaha, tarehe 6 Juni 1944. Mi kila nikiiangalia nawaza hapa hapa Raskazone. Tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, vita kuu ya kwanza ya dunia, Waingereza walishusha askari kama 8000 kutoka India, watu wametikiswa na meli majuma mazima, wengi wanaumwa bahari, wanakanyaga mikoko usiku. Mjerumani Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1000 tu, wengi askari Waafrika, na wengine aliwaleta mbio kwa reli kutoka Moshi. Wakapigana kwenye mashamba ya mpira na minazi mpaka mitaani, risasi zikachana mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, nyuki wakashuka. Wakawavamia wa pande zote mbili, ila waliokimbilia majini zaidi ni wale wa Kihindi. Waingereza walisema Mjerumani kawategea nyuki, si kweli, ni risasi tu. Wakarudi melini wakaacha bunduki mamia na risasi laki 6 ufukweni.

Babu yangu mzaa mama alihadithiwa na baba yake aliyekuwa kijana mdogo wakati ule. Watu wa mji walikimbia wakalala mashambani. Kisa alichokuwa anakirudia wala sio mizinga ya meli. Ni kwamba waliporudi walikuta harufu, na kwamba hao Wahindi waliokufa hakuna aliyejua wanazikwa vipi, yupi achomwe yupi azikwe, maana walikuwa wa dini mbalimbali na wote wamevaa sare moja. Watu wakabaki wanaulizana. Mi hili sijaliona kwenye picha yoyote, watu wazima wamesimama juu ya maiti ya mgeni wanaulizana huyu wa dini gani ili wasimdhulumu.

Mtoto wa Ngamiani

Mzee wangu Shamte shikamoo. Hilo la kuulizana dini limenishika koo. Asante sana.

Lushoto Juu

Nipo Tanga mjini lakini kwetu Lushoto. Baba yangu mdogo alienda vita ya Kagera, alichukuliwa kwenye mgambo mwisho wa 1978. Tuna TV sisi wa kwanza pale kijijini, jioni watu wanajaa, na yeye analetewa kiti cha mbele kwa heshima. Ikiwekwa picha ya vita anakaa dakika kumi anaaga. Tulidhani inamkumbusha ubaya. Siku moja nikamuuliza, akanambia mwanangu hamna kitu pale kinachonikumbusha, ndo maana naondoka, naona kama wanamsema mtu mwingine.

Akaanza kuongea, na alikuwa mtu wa kimya. Kwamba vita ni kutembea. Walitoka Mutukula mpaka Masaka mpaka Kampala, ile tarehe 11 Aprili 1979 ilipoanguka, sehemu kubwa kwa miguu, matope, mzigo mgongoni, buti zimeoza. Kwamba yale makombora ya BM, ambayo Waganda wenyewe waliyaita saba saba, yanapita juu yako yanalia na wewe huoni yanapoangukia. Unakuja kuona kesho yake. Waliingia Masaka akakuta nyumba imekatwa nusu kama mkate, ndani kuku wanatembea sebuleni, na jikoni sufuria la matoke liko juu ya mafiga majivu yake bado ya moto. Wenyewe hawapo. Alisema walikuwa na njaa siku mbili na hakuna aliyeligusa lile sufuria mpaka mkubwa wao akaamuru liliwe. Alikula. Mpaka anafariki ndizi za kupika hakuwahi kula tena nyumbani, na shangazi zetu walikuwa wanadhani anajidai.

Dogo wa Makorora

Mi niseme ukweli wangu wakubwa zangu msinikasirikie. Nazipenda na nitaendelea kuzipenda. Mi baba hakuwepo, ile saa mbili bandani ndo nilikuwa naona mwanaume anarudi kumchukua mwenzake aliyejeruhiwa, hamuachi. Hilo nilijifunza kwenye TV ya chogo. Milipuko tunajua ni petroli wanachoma ndo maana moto wa rangi ya chungwa unapendeza, bomu lenyewe ni vumbi na moshi tu na linaisha kufumba na kufumbua. Ila hii ya jirani kuuliza mbona mmenyamaza nimeisoma mara tatu.

Mtoto wa Ngamiani

Dogo hakuna wa kukukasirikia, na mimi hilo la kutomuacha mwenzako nililipata hapo hapo.

Mama wa Dunda

Habari zenu jamani, nipo Bagamoyo. Sikutaka kuandika ila nimeshindwa kulala.

Kabla ya kuhamia huku tulikuwa tumepanga Mbagala, Dar. Tarehe 29 Aprili 2009 yalipolipuka yale mabomu kwenye ghala la jeshi ilikuwa asubuhi inaelekea mchana, mi nafua uani. Kwenye picha moto na mlio vinakuja pamoja. Mimi niliona kwanza ukuta umevimba, kama umevuta pumzi, vioo vikamwagika, afu ndo mlio. Na hauji mmoja, unakuja mwingine na mwingine, kuna kitu kinapita juu ya bati kinapiga mluzi. Nikaingia chumbani nikanyakua mtoto kitandani nikatoka mbio bila viatu. Barabara yote watu, kila mtu anaelekea mjini, sufuria kichwani, godoro, mwingine kashika rimoti ya TV tu. Nimekimbia mpaka Mtoni ndo nikasimama nimtoe mtoto kwenye kanga nimnyonyeshe.

Hakuwa wangu.

Mtoto wa Ngamiani

Dada yangu pole sana. Kama unaweza tumalizie, na kama huwezi basi usijilazimishe. Wako mlimpata?

Mama wa Dunda

Nilimpata kesho yake jioni. Chumba chetu na cha jirani milango inatazamana, yule mwenzangu naye alikuwa amemlaza mtoto wake chumbani kwangu pamoja na wangu kwa sababu kwangu kuna feni, mi nimesahau kabisa, nimevuta wa kwanza. Wangu alichukuliwa na kijana mpita njia tu, sijui hata aliingiaje ndani, akampeleka kituo cha polisi akakaa naye pale usiku mzima mpaka nilipokuja. Nimemuuliza jina akasema dada mchukue mtoto twende. Sijamuona tena. Ule usiku mmoja nimemnyonyesha mtoto wa mwenzangu huku nalia wangu anakula nini, na yeye mwenzangu alikuwa anatembea Mbagala nzima anauliza mwanamke mwenye kanga ya njano.

Mpaka leo ni ndugu, kila ikifika tarehe hiyo ananipigia simu. Wanetu wote wawili wazima Alhamdulillahi, wanakuja kulala hapa Bagamoyo likizo, na hakuna wanachokumbuka. Wakija wanawasha hizo hizo picha za mabomu, sauti mpaka mwisho, wanapiga kelele kwa furaha. Mi siwakatazi. Nachukua mkeka wangu nakaa barazani mpaka iishe, afu naingia nawahesabu.